Peptidi za mwili si antibiotiki ya akiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijadili makala ya afya mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu peptidi zinazoua vijidudu, yaani vile vipande vidogo vya protini ambavyo mwili huvitengeneza wenyewe ili kujikinga na bakteria, kuvu na baadhi ya virusi. Mwandishi amefanya kazi nzuri ya kuwafungulia wasomaji somo ambalo kwa kawaida hubaki ndani ya majarida ya kitaalamu, na sehemu kubwa ya aliyoyaeleza ni sahihi. Iliyonifanya nishike kalamu ni sentensi moja tu, ile inayosema kwamba kila mtu amebeba antibiotiki zake mwilini na kwamba akiziimarisha ipasavyo, hata maambukizi makali hayatamwangusha. Nimefanya kazi ya kuotesha damu za wagonjwa maabara, yaani kuiweka kwenye chupa zenye lishe ili bakteria waliomo waote na kutambuliwa, kwa zaidi ya miaka 20, na sentensi hiyo inanitia hofu, kwa kuwa maambukizi yakishafika hatua ya kuitwa makali, peptidi hizo hizo huanza kumgeukia mwenyewe.

Kwanza nizipe peptidi hizi haki yake, maana historia yake inapendeza. Mwaka 1922, miaka 6 kabla ya kuigundua penisilini, Alexander Fleming alieleza kwamba kamasi zake mwenyewe alipokuwa na mafua ziliwayeyusha bakteria waliokuwa wameota kwenye kisahani cha maabara. Baadaye akawa anajikamulia limau machoni, yeye na wenzake, ili apate machozi ya kutosha kwa majaribio. Alichokipata alikiita lisozimu. Hicho ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, tena ni kikubwa kuliko peptidi tunazozizungumzia, lakini ndicho kilichowafanya watu waanze kufikiri kwamba majimaji ya mwili yana silaha ndani yake. Miaka mingi ikapita, kisha Hans Boman na wenzake nchini Sweden wakamdunga bakteria nondo mkubwa aliyekuwa bado ndani ya kifukofuko chake, na mwaka 1981 wakatangaza muundo wa peptidi walizoziita sekropini, ambazo nondo huyo alizitengeneza kujibu shambulio lile.

Mimi hata hivyo humpenda zaidi chura. Michael Zasloff, aliyekuwa akifanya utafiti nchini Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wenye kucha, wale ambao asili yao ni Afrika, ili kuwatoa mayai, kisha akawashona na kuwarudisha kwenye maji yaliyojaa bakteria wa kila namna. Upasuaji wenyewe haukufanywa kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Vidonda vilipona bila usaha wala wekundu, na siku moja akajiuliza kwa nini. Jibu lilitoka kwenye ngozi ya chura mwenyewe: peptidi zenye asidi amino 23 (asidi amino ni vijenzi vya protini), ambazo mwaka 1987 alizipa jina la magainini kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Tangu hapo peptidi za aina hii zimepatikana kwa maelfu, katika mimea, wadudu, samaki, ndege na binadamu.

Namna zinavyofanya kazi ni rahisi kuielewa. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi nyingi, ilhali peptidi hizi zina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa kuelekea kwa bakteria kama vumbi la chuma linavyovutwa na sumaku. Zikishagusa, upande wake mmoja unaopenda mafuta hujipenyeza ndani ya utando, na zinapokuwa nyingi utando hutoboka, chumvi na viini vya uhai vikavuja, bakteria akafa ndani ya dakika chache. Utando wa seli zetu hauna chaji ya namna hiyo upande wa nje, tena umeimarishwa kwa kolesteroli, na ndiyo sababu peptidi hutubagua, yaani hututofautisha na bakteria. Neno "hutubagua" lisieleweke kupita kiasi, maana ubaguzi huo hutegemea kiasi: peptidi zikizidi mahali pamoja, hata seli za mwenye mwili huumia.

Katika mwili wa binadamu peptidi hizi zimewekwa mahali pa mpaka. Ngozi inazo, jasho linayo yake iitwayo demisidini, na ndani ya utumbo mwembamba kuna seli za Paneth zinazomwaga peptidi ziitwazo defensini kwenye mikunjo ya ukuta wa utumbo. Hazina kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko ndani ya seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili. Humo hukaa defensini na, pamoja nazo, peptidi ya LL-37, yenye asidi amino 37, ambayo hutunzwa ikiwa bado imeunganishwa na protini kubwa isiyo na makali, mithili ya kisu ndani ya ala, na hukatwa na kimeng'enya ili kuachiwa huru pale tu seli inapofyatua. Nikipaka tone la usaha kwenye slaidi, nikalitia rangi na kuliangalia kwa hadubini, ninaziona neutrofili hizo zimerundikana, kiini cha kila moja kimekatika mapande matatu au manne, na ndani yake bakteria waliomezwa. Walioko nje ya seli wamekoza rangi na kingo zao ni kali. Baadhi ya walioko ndani wamefifia, wamebaki kama kivuli cha bakteria. Ni picha ambayo sijawahi kuichoka.

Kwamba silaha hizi ni za lazima, ushahidi tunao kutoka kwa watu waliozaliwa bila hizo. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi ulioelezwa mwaka 1956 na daktari Rolf Kostmann wa Sweden, ambao watoto huzaliwa karibu bila neutrofili na zamani walikufa wakiwa wadogo kwa maambukizi. Siku hizi hupewa dawa inayoongeza idadi ya seli hizo, na idadi kweli hupanda. Lakini mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba wagonjwa hao waliendelea kuugua fizi vibaya, kwa sababu neutrofili zao mpya zilikuwa hazina LL-37. Askari walikuwapo kwenye lindo, bunduki zikiwa tupu.

Hadi hapa mimi na mwandishi wenu tuko njia moja. Tunaachana pale maambukizi yanapovuka mpaka.

Sepsisi, hali ambayo wengi huiita sumu kuingia kwenye damu, ilipewa maana mpya na jopo la wataalamu mwaka 2016: ni kushindwa kwa viungo vya mwili kufanya kazi, kiasi cha kuhatarisha maisha, kunakosababishwa na mwili wenyewe kuyajibu maambukizi bila mpangilio. Tazama maana hiyo inamweka wapi mshtakiwa. Bakteria ndiye aliyeanzisha ugomvi, lakini anayevunja nyumba ni mwenye nyumba. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020, watu milioni 48.9 walipata sepsisi mwaka 2017 na milioni 11 walifariki, ambao ni kama kifo kimoja katika kila vifo vitano duniani mwaka ule. Ingekuwa kweli kwamba mtu huangushwa na uhaba wa antibiotiki zake za asili, tungetarajia kuikuta damu ya wagonjwa hawa haina neutrofili, au ina neutrofili zilizokauka.

Wapo walio hivyo, hasa wanaotibiwa saratani. Lakini wengi ninaowaona mimi ni kinyume chake. Nakumbuka slaidi moja ya damu ya mgonjwa wa umri wa kati ambayo neutrofili zilikuwa zimejazana kila nilipoelekeza lenzi, na ndani yake chembechembe nene, nyeusi kuliko kawaida, dalili ambayo watu wa maabara huitambua upesi kwamba uboho unatoa seli kwa haraka na zimebeba silaha tele. Siku iliyofuata mashine ililia, chupa ya damu yake ikawa imeota bakteria, nikapiga simu wodini kutaja jina la bakteria huyo. Nesi aliyepokea alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mgonjwa amefariki alfajiri. Mtu yule hakufa kwa kukosa peptidi.

Kinachotokea katika hatua hiyo kimechunguzwa vya kutosha sasa. Miongoni mwa vitu vinavyomwagwa na neutrofili kuna protini moja inayoua bakteria ambayo pia hushikamana na heparini, kitu kinachozuia damu kuganda. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba protini hiyo huzifanya kuta za mishipa midogo ya damu ziachane na kuvuja. Kwenye kidonda kidogo cha kidole hilo ni jambo jema, maana huzifungulia njia seli nyingine zifike. Likitokea mwili mzima kwa wakati mmoja, maji ya damu huhamia kwenye nyama na mapafu, shinikizo la damu huporomoka, na figo hukosa damu ya kuchuja. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kiwango kikubwa cha protini hiyo kwenye damu ya mgonjwa mwenye homa kilitabiri kuporomoka huko kabla hakujatokea. Histoni nazo, protini zinazoviringisha DNA ndani ya kiini, huua bakteria vizuri sana neutrofili inapojipasua na kutandaza nyuzi zake kama wavu. Lakini mwaka huo huo wa 2009 ilithibitishwa kwa wanyama kwamba histoni zinazoelea huru kwenye damu huua seli za ndani ya mishipa, na ni miongoni mwa vitu vinavyoua katika sepsisi. Waswahili wana msemo wa mkuki kwa nguruwe, na sijui mahali unapofaa kuliko hapa.

Nisije nikaeleweka kwamba peptidi zote hugeuka maadui. LL-37 na baadhi ya ndugu zake hushikamana na endotoksini, ile sumu ya ukuta wa bakteria aina ya gramu hasi, na kuituliza isiamshe ghasia zaidi. Hepsidini, peptidi ya ini yenye asidi amino 25 iliyotambuliwa mwaka 2000 kwa uwezo wake wa kuua vijidudu, ilikuja kufahamika kwamba kazi yake kubwa ni kufungia madini ya chuma ndani ya seli, na kwa njia hiyo bakteria walioko kwenye damu hunyimwa chakula. Gharama yake mgonjwa huilipa baadaye kwa upungufu wa damu. Kwa hiyo ukiniuliza peptidi hizi zinafanya nini kwenye maambukizi makali, jibu langu la kweli ni kwamba zinafanya mambo mengi kwa wakati mmoja, mengine ya kuokoa na mengine ya kubomoa, na hakuna kitufe cha kuyaongeza mema peke yake.

Wasomaji watauliza, basi kwa nini zisitengenezwe viwandani na kudungwa kama dawa? Zimejaribiwa, na matokeo yake makala yenu haikuyataja. Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote lilichapishwa mwaka 2000 na lilihusu watoto 393 waliokuwa na sepsisi kali ya meningokoki, bakteria anayesababisha pia homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kumchukua mtoto aliyeamka mzima kabla jua halijazama. Nusu yao hivi walipewa kipande cha protini ya neutrofili inayoua bakteria na kuifunga endotoksini, wengine wakapewa dripu isiyo na dawa hiyo, wote wakiendelea na antibiotiki. Vifo vilikuwa asilimia 7.4 kwa waliopewa na asilimia 9.9 kwa wasiopewa, tofauti ambayo kwa hesabu za kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba dawa inaokoa maisha. Waliokatwa viungo vingi walikuwa wachache zaidi katika kundi lililopewa dawa, na hilo si dogo kwa mzazi yeyote. Baadhi ya watoto walifariki hata kabla ya kuipata dawa, kwa jinsi ugonjwa ulivyokwenda mbio. Kama kuna silaha ya mwili iliyokaribia kufaulu, ni hiyo, na bado haikufika madukani.

Nyingine zilianguka kwa kishindo zaidi. Peptidi iliyotokana na magainini ya chura, iliyokusudiwa kupakwa kwenye vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1999, na majaribio yaliyorudiwa baadaye yaligonga mwamba mwaka 2016. Laktoferini, protini ya maziwa yenye kazi kama hizi, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima wenye sepsisi kali, na jaribio likasimamishwa kwa sababu waliopewa walikuwa wakifa zaidi ya wasiopewa. Laktoferini ya ng'ombe ikapewa watoto zaidi ya 2,000 waliozaliwa kabla ya wakati nchini Uingereza; matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba haikupunguza maambukizi.

Kuhusu ile hoja ya "kuimarisha", ambayo najua ndiyo itakayobaki vichwani mwa wasomaji, mwandishi hakuizua hewani. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba vitamini D huwasha jeni ya LL-37 ndani ya seli zinazopambana na kifua kikuu, na ugunduzi huo ni wa kweli. Basi wagonjwa mahututi zaidi ya 1,000 waliokuwa na upungufu wa vitamini hiyo wakaingizwa kwenye jaribio ambalo nusu walipewa dozi moja kubwa ya vizio 540,000 mara tu walipofika, na matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha kwamba vifo ndani ya siku 90 havikupungua. Mwenye upungufu atibiwe upungufu wake, hilo halina ubishi. Lakini anayekunywa vidonge akidhani anajijengea akiba ya antibiotiki kwa siku ya sepsisi anajidanganya.

Kuna peptidi moja inayofanana na hizi ambayo madaktari huitegemea kwenye maambukizi makali, nayo haitoki kwa binadamu. Ni kolistini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni na inayofahamika tangu miaka ya 1940. Iliwekwa kando kwa miaka mingi kwa sababu huharibu figo, kisha ikafufuliwa pale bakteria sugu walipozishinda dawa nyingine. Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa makala ijayo ilishughulikie. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili ikue haraka. Mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kuwapo kwa jeni ya usugu, mcr-1, inayoweza kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na mwaka 2017 China ikapiga marufuku matumizi hayo ya kukuzia mifugo. Bakteria mwenye jeni hiyo hupunguza chaji hasi ya ukuta wake ili kolistini isimshike. Sasa, peptidi zetu wenyewe nazo hutegemea chaji hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba jeni hiyo humpa bakteria ulinzi hata dhidi ya peptidi za wanyama na binadamu, na kumfanya awe mkali zaidi. Maana yake ni kwamba dawa iliyotumika ovyo kwenye zizi inaweza kuwafundisha bakteria kuvuka ngao tuliyozaliwa nayo. Hizi "antibiotiki za mwili" hazisimami mbali na tatizo la usugu kama mwandishi alivyodokeza. Zimo ndani yake.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni la kawaida. Sentensi ile isahihishwe, na mahali pake pawekwe maelezo kwamba peptidi hizi hulinda vizuri kabla bakteria hawajavuka ngozi na utumbo, na kwamba wakishaingia kwenye damu mgonjwa huhitaji antibiotiki ya hospitali, dripu na uangalizi ndani ya saa, si siku. Chini yake ziongezwe dalili ambazo msomaji asizisubirie kinga yake izimalize: homa kali au mwili kupoa kuliko kawaida, kupumua haraka, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, mkojo kupungua, ngozi kufanya mabaka, na kwa mtoto mchanga kukataa kunyonya. Mkikosa nafasi ya yote mawili, bora mchapishe dalili hizo na barua hii muiache.

Wako mwaminifu,
Mtaalamu wa maabara ya vijidudu